Kimo cha Macho Yake

Hyasinta alivaa, akavua, akavaa tena. Gauni la kwanza lilisema wazi kwamba mwenye nalo amejipamba kwa ajili ya mtu. La pili lilisema amejitahidi asionekane amejipamba, na hilo kwa mwanamke anayejielewa ni baya zaidi. Mwishowe alitoka na la kwanza, bila hereni, kama vile kukosa hereni kungeficha kitu.

Mama yake alikuwa barazani, mbele ya chumba na sebule walichopanga Mtaa wa Likoma, Kariakoo, ungo mapajani, akichagua mchele wa wageni wa kesho.

"Unaenda kuchukua picha tu, au unafuata na kingine?" aliuliza bila kuinua macho.

"Picha tu, mama."

"Hiyo picha ndiyo mpaka ujipake mafuta ya kunukia? Si ingeletwa na bodaboda?"

"Ni kubwa. Itavunjika fremu."

"Haya." Mama alitupa kokoto uani. "Kesho tukitoka misa, watu wa Gaudens wako hapa kusikia jibu la posa. Mjomba wako ameshawaambia waje. Mimi sikulazimishi, mwanangu, ila Gaudens ni mtu wa kwetu kabisa, wa Ndanda, na kanisa letu ni moja. Sasa yule Mhindi wako..."

"Si Mhindi wangu."

"Basi yule Mhindi wa watu. Nilisema tangu mwanzo, mle ndani wangekunywesha chai kwenye kikombe chako peke yako. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema, mama."

Aliondoka kwa miguu. Jumamosi ile Kariakoo ilikuwa imefurika kama kawaida yake, watu wanasukumana, kila duka na spika yake, na Hyasinta akapita katikati yao akijiona yuko peke yake kuliko angekuwa chumbani amejifungia. Alikuwa amezoea hali hiyo. Mchana alifundisha uchoraji shule moja huko Temeke, jioni alichora, na akimaliza kuchora hakuwa na mtu wa kumwambia njoo uone. Mama alikuwa akija, anaangalia, anasema nzuri, anauliza kama amekula. Lakini mtu wa kusimama nyuma yake na kukaa kimya vizuri hakumpata tena.

Ujumbe wa simu ulikuwa mfupi. "Jengo linakarabatiwa, stoo inahamishwa. Picha yako bado ipo. Jumamosi kuna ufunguzi wa maonyesho, karibu. Utsav." Alikuwa ameusoma mpaka maneno yakachakaa, akitafuta humo neno moja la ziada. Halikuwepo.

Alivuka Mnazi Mmoja, akaingia upande wa Kisutu, na moyo ukaanza fujo zake kabla hajaiona hata kona ya mtaa.

Zamani mahali pale palikuwa duka la vitambaa la mzee Narendra. Mzee alipozidiwa na maradhi, mwanawe wa pekee alitoa majora yote, akapaka kuta nyeupe, akasema hapa patakuwa galari ya picha. Ndugu zake walimcheka. Waliokuja ni wasanii, tena wale wasio na pa kuonyesha kazi zao, na Hyasinta alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Siku ya kutundika maonyesho yale ya mwanzo hawakuwa hata na futi ya kupimia. Utsav alimsimamisha ukutani, nyuma ya mlango wa stoo, akamwambia, "Simama wima, angalia mbele, usicheke." Akachora mstari wa penseli usawa wa macho yake. "Katikati ya kila picha itakaa hapa." Hyasinta akacheka, wakauchora mstari upya. Mapenzi yao, ukitaka kujua yalianza lini, yalianza pale.

"Karibu dada'angu, mambo?" Msichana wa mapokezi alikuwa mgeni kwake, mchangamfu, kajiandika jina kifuani: Joyceline. "Ndo mara ya kwanza kufika?"

"Mara ya kwanza kwa muda mrefu."

"Jisikie nyumbani. Kuna juisi, kuna kachori. Wasanii wote wa humuhumu Bongo."

Alizunguka polepole. Msanii mmoja, Zulekha, alikuwa amekwenda Mchikichini akanunua marobota ya mashati ya mitumba, akakata kola tu, akazishona mpaka zikawa sura ya bibi kizee. Mwingine, Tarsis, alichora wapagazi wa bandarini wakiwa wamelala mchana kwenye vivuli vya makontena. Bibi wa kola alimtazama Hyasinta machoni. Wapagazi nao, wale waliofumbua macho, walimtazama machoni. Benki, ofisini, hata kanisani, Hyasinta alikuwa mtu wa kuinua kidevu ili aone kilichotundikwa, kwa maana Mungu hakumpa urefu. Hapa shingo yake ilipumzika. Hakujiuliza kwa nini, alijisikia vizuri tu, kisha akajilaumu kwa kujisikia vizuri.

"Umekuja."

Sauti hiyo angeijua hata sokoni. Aligeuka. Utsav alikuwa na mvi kidogo masikioni, shati jeupe kalikunja mikono, na vumbi la chokaa kwenye nyusi.

"Uliniita," Hyasinta alisema.

"Nilikupigia mara nyingi. Hupokei."

"Safari hii uliandika. Kuandika sikuwahi kukuona ukiandika."

Walitazamana, kisha kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kutazama. Macho yana ujinga wake, yalirudi palepale.

"Picha yako iko stoo," Utsav alisema. "Njoo."

Stoo ilinuka rangi na mbao, vilevile. Picha ilikuwa imefunikwa kwa shuka safi, imewekwa mbali na zingine. Utsav aliivua shuka, wakasimama wawili mbele yake: mwanaume juu ya ngazi, nyundo mkononi, anatundika kitu ambacho hakionekani. Amechorwa kwa nyuma. Shati, shingo, nywele. Uso haupo.

"Wamekuja watu kuitaka," alisema. "Niliwaambia haiuzwi."

"Ungeuza tu."

"Hya." Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. "Siku zote nimetaka kukuuliza. Kwa nini ulinichora mgongo?"

"Kwa sababu mbele za watu mgongo ndio upande niliokuwa naupata."

Neno lilimpata. Utsav alikaa kwenye kreti.

"Bado ni ile siku," alisema.

"Ni ile siku. Maonyesho yangu, picha zangu ukutani, watu wamejaa. Mama yako anaingia, ananiangalia, anakuuliza huyu ni nani. Nawe mdomo wako huohuo uliokuwa unaniambia maneno mchana kutwa ukasema, 'Ni msanii wetu mmoja.' Mmoja, Utsav! Kama mtu anayeonyesha kiti."

"Mama alikuwa ndo kwanza anatoka msibani. Baba hakuwa hata na mwaka kaburini... hata kaburi hana, sisi tunachoma, unajua tulivyo. Ningemwambia nini?"

"Najua mlivyo. Siku ile ya msiba nilisimama nje na majirani, nikakuona kwa mbali umenyolewa kichwa, na sikuweza hata kukushika mkono. Sikulalamika. Wala sikutaka umwambie mama yako kwamba tunaoana. Nilitaka jina. Ungesema, 'Huyu ni Hyasinta,' halafu ungenyamaza. Kwa jina tu ningekungoja mpaka leo."

"Ulikuwa hutaki kuningoja. Uliondoka usiku uleule."

"Niliondoka nikitembea taratibu. Ungenikimbilia ungenikuta mlangoni."

Nje watu walikuwa wakicheka. Utsav aliusugua uso kwa viganja.

"Nasikia kuna mtu," alisema.

"Yupo. Anaitwa Gaudens. Yuko bandarini, anatoa mizigo ya watu. Kanitaja kwa mama yake, kwa wajomba zake, kwa padri. Hata mlinzi wa getini kwao kazini ananiita shemeji. Kesho wanakuja kuchukua jibu."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema sana."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua hukuuliza hivyo."

Kimya kikakaa kati yao, kile cha zamani, kizuri, na Hyasinta akaona machozi yanamjia akayameza. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi za Utsav. Mkono wa Hyasinta haukumwomba ruhusa. Utsav aliposimama, naye alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akamfuta. Utsav hakuinama. Ulikuwa mchezo wao: hainami, afike mwenyewe.

"Mama yuko hapo nje," Utsav alisema. "Kaja kwa ajili ya ufunguzi. Nipe jioni hii, Hya. Kabla wageni hawajatawanyika nitamwambia. Nitasema jina na nitasema maana yake. Halafu kesho ujibu unavyotaka."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

"Usiniahidi kama hutaweza. Mimi sasa hivi nina mahali pa kwenda. Ukinirudisha nyuma ukaniacha katikati, utakuwa umeniua."

"Nitasema."

Na Hyasinta, msichana wa watu, akaamini. Akarudi ukumbini na mashavu ya moto, akachukua juisi asiyoitaka, akaketi kwenye benchi katikati ya chumba. Tayari kichwani alikuwa anatunga namna ya kumwambia mjomba, namna ya kumtuliza mama, vikombe na chai na kila kitu. Tangu zamani hakuwa amejiona hivyo, mtu anayengojewa na jambo jema.

Mtu aliketi kando yake, taratibu, kwa kujishika kiuno. Hyasinta akageuka, akasimama nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, kaa." Mama Shobhana, mama yake Utsav, alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kweli, wa sari ya kijivu na miwani ya kamba. "Wewe ndiye Hyasinta."

"Nani kakwambia, mama?"

"Mgongo wangu."

"Sijaelewa."

"Niangalie nilivyo. Marehemu Narendra alisema nikivaa kisigino siku ya harusi, yeye haji." Alicheka peke yake kidogo. "Sasa kila mwanangu akifanya maonyesho, mimi naangalia nimeinama. Mwaka wa kwanza, nimeinama. Mwaka wa pili, nimeinama. Nikamuuliza, Utsav, mbona unatundika chini hivi? Anasema, kawaida tu, mama. Haya. Mafundi wakaja kupaka rangi. Kuta zote wamepaka, nyuma ya mlango wa stoo amesimama yeye mwenyewe, kipande kile wasiguse. Nikangoja atoke. Nikaenda kuangalia kuna nini cha kulindwa."

Hyasinta aligeuka kuutazama mlango wa stoo.

"Mstari wa penseli," mama Shobhana alisema. "Nikasimama nao. Ulinifika hapa." Aligusa chini ya shingo. "Nikajua, huyu ni mtu mfupi, na mwanangu anamngoja. Jina nililipata kwa Joyceline, kwa kumuuliza picha ya stoo ni ya nani. Nilipokuona leo unaingia, umesimama mbele ya yule bibi wa kola, shingo yako imenyooka vizuri... basi, nikajua."

Hyasinta alizungusha macho chumbani. Bibi wa kola. Wapagazi. Kila picha, kila ukuta, na ya kila maonyesho yaliyopita ambayo hakuyaona, yote yalikuwa yamekaa pale alipo yeye. Miaka yote aliyokuwa akilala anajiambia amesahauliwa, kuna mtu alikuwa akipanda ngazi na nyundo, anampima asiyekuwepo. Alitaka kulia, alitaka kucheka, hakujua lipi lianze.

"Mama," alisema, "angekwambia wakati ule, ungenikubali?"

"Hapana." Mama Shobhana alijibu haraka, bila hila. "Sitakudanganya. Ningelia mwezi mzima. Nisingekula. Ningewapigia simu ndugu wote, wa hapa na wa Rajkot kule India, niwaambie mwanangu ameniua. Halafu mwezi ungeisha, ningechoka kulia, ningekuuliza kama chai yako unatia sukari." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari. "Lakini hakunipa hata siku moja ya kulia. Aliamua mwenyewe kwamba mama yake hawezi."

Wakati huohuo bwana mmoja, mwalimu wa chuo, pande la mtu, alijinyoosha mbele ya wapagazi huku ameshika kiuno.

"Utsav, ndugu yangu!" aliita kwa sauti ya kuchekesha watu. "Hizi picha mmewatundikia watoto wa chekechea? Mimi kesho nakwenda kwa mkandaji!"

Watu walicheka. Utsav, aliyekuwa akizungumza na Tarsis karibu na mlango, alicheka pia. Na hapo mama Shobhana, ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya wageni, akaipaza.

"Mweleze, Utsav. Hata mimi nataka kusikia. Hicho ni kimo cha nani?"

Ukumbi ulitulia. Walikuwa wakingoja kuchekeshwa tena. Hyasinta aliweka bilauri chini ya benchi, akasimama, maana alitaka akitajwa awe amesimama. Utsav alimtazama mama yake. Akamtazama Hyasinta, na macho yake yalikuwa yamejaa kila kitu, hakuna kilichopungua humo. Akatazama watu: yule mwalimu, wasanii, wateja wakubwa wa Masaki, jamaa wawili watatu wa ukoo wake waliokuja kwa heshima. Kifua kikajaa pumzi. Hyasinta alikiona kinavyojaa.

"Ni kawaida ya nyumba," Utsav alisema, akatabasamu. "Tulianza hivyo, tukazoea."

"Basi mtulipie mkandaji!" alisema mwalimu, watu wakacheka, wakarudi kwenye juisi zao.

Hyasinta alibaki amesimama. Hakuna aliyemwona isipokuwa mama Shobhana, ambaye alinyoosha mkono akaushika wake, mara moja, akauachia.

"Nimejaribu, binti," alisema.

"Nimekuona, mama. Asante."

Aliingia stoo, akaifunika picha kwa shuka lake, akaibeba. Alipokuwa anatoka alipita nyuma ya mlango. Mstari ulikuwepo, mwembamba, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki na weupe wa zamani. Hakusimama nao. Angesimama, asingeondoka.

Utsav alimkuta ngazini, kwenye mlango wa barabarani.

"Hya! Hya, ngoja. Watu walikuwa wengi. Umeona mwenyewe, wajomba zangu wapo. Nitamwambia nyumbani, leo hii, tukiwa wawili tu."

"Anajua."

"Nani anajua?"

"Mama yako. Anajua kitambo, na jina langu analo. Leo hakukuuliza ili ajue, Utsav. Alikuuliza ili useme. Alikufungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe."

Utsav aligeuza shingo kuangalia ndani, kama mtu aliyesahau kitu na hajui alikiacha wapi.

"Sina hasira," Hyasinta alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilikuwa ya upole tupu. "Ningekuwa na hasira ningepata nguvu. Nimeona picha zako. Nimeelewa. Sijui kama kuna mwanamke Dar es Salaam nzima aliyependwa namna hiyo. Lakini umenipenda kwenye kuta, na mimi naishi huku nje."

"Nipe siku moja."

"Nilikupa jioni. Uliipata yote."

"Nakupenda, Hya." Alilisema kwa sauti ndogo, akiangalia kama kuna anayepita.

Hyasinta alimwona alivyoangalia. Hilo ndilo lililomaliza.

"Najua," alijibu. "Na mimi nakupenda, na nalisema kwa sauti. Ule mstari uache au ufute, ni ukuta wako. Ila usiniite tena."

"Kesho utawaambia nini?"

"Utasikia kwa watu."

Joyceline alikuja mbio kumsaidia kubeba, akauliza amwitie bajaji, Hyasinta akasema anatembea. Alitembea. Mnazi Mmoja jua lilikuwa linaisha, vijana wanacheza mpira, wapenzi wawili wawili wamekaa kwenye nyasi wanakula mahindi ya kuchoma. Muuza miwani alimpigia mluzi.

"Dada, hiyo picha bei gani?"

"Haiuzwi, kaka."

"Sasa mbona unalia, si uuze ununue nyingine!"

Alicheka, kwa kweli alicheka, na machozi yakazidi. Hakuwa na mkono wa kujifuta, mikono yote miwili ilikuwa imeshika fremu. Akayaacha yakauke yenyewe njiani, na watu wa Kariakoo, wenye haraka zao, wakampisha kwa sababu ya ukubwa wa mzigo.

Mama alikuwa palepale na ungo. Alimwangalia mwanawe, kisha akaangalia lile shuka.

"Nyundo iko wapi?" Hyasinta aliuliza.

"Chini ya kitanda, kwenye boksi."

Sebuleni kulikuwa na ukuta mmoja mtupu, mkabala na mlango. Hyasinta alivua viatu. Alisimama sakafuni kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono mpaka mwisho, na pale vidole vilipogusa, usawa uleule vilipofikia kule stoo, akakwaruza alama kwa msumari. Kisha akavuta kigoda, akapanda, akaanza kugonga. Mama alikuja akakishika kigoda kisicheze.

"Mbona juu hivyo?" aliuliza. "Sisi wote humu vimbilikimo. Nani ataiona?"

"Nitainua kichwa."

Picha ilikaa. Hyasinta alishuka, wakasimama wote wawili, videvu juu, wakimtazama yule mtu wa kwenye ngazi na mgongo wake. Mama alitazama muda mrefu. Akaangalia urefu wa ukuta kutoka sakafuni, akamwangalia mwanawe alivyo, akarudi kwenye picha. Mama hakuwa mtu wa sanaa, lakini alikuwa mama.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Alisema?"

"Hakusema."

Mama alivuta pumzi. Lile neno lake la vikombe vya chai lilikuwa tayari mdomoni, na kwa mara ya kwanza hakulitoa. Badala yake alichukua ncha ya khanga yake, akamfuta mwanawe uso kama alivyokuwa akimfuta utotoni, kwa nguvu.

"Na kesho?"

"Nipigie mjomba, mama. Mwambie wasije. Gaudens nitamwendea mwenyewe, nimwambie uso kwa uso, anastahili hilo. Kanitaja kwa kila mtu anayemjua. Sitamlipa kwa kumpa nyumba ambamo natundika picha kwa macho ya mwingine."

"Kwa hiyo huyu humtaki, na yule humpati."

"Ndiyo."

"Utabaki na nani, Hyasinta?"

"Na wewe."

"Mimi siishi milele."

Hyasinta alikaa kwenye kochi, akainua kichwa.

Mama alimpigia mjomba, akaongea naye barazani kwa sauti ya chini, akasikiliza ukali wake mpaka ukaisha. Kisha akarudi kwenye ungo. Alipima mchele wa watu wawili, akautia kwenye sufuria, na uliobaki akaurudisha kwenye mfuko, akaufunga kwa kamba.